Mwanga wa Saa ya Kale Umetoka Wapi?

Wazee husema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu hupenda nguo mpya, baiskeli mpya, nyumba mpya. Lakini wako watu duniani ambao kwao methali hii imegeuka. Wao hupenda cha zamani, hata kikiwa na kidonda. Tena hukipenda kwa sababu ya kidonda chenyewe. Ni wale wanaokusanya saa za mkono za kale, saa za fahari zilizotengenezwa Uswisi miaka hamsini, sabini au mia iliyopita. Wanakaa Geneva, New York, Tokyo, Hong Kong, Dubai na miji mingine mingi. Wengi wao hawajaonana uso kwa uso. Lakini wanaandikiana, wanaonyeshana picha, wanaulizana habari za skrubu moja, za herufi moja iliyoandikwa juu ya uso wa saa.

Leo nataka tuwatazame watu hao, si kwa kuwacheka wala kwa kuwahusudu. Nawataja kwa sababu wamejiwekea sheria moja nzuri. Na sheria hiyo, ukiifuata mpaka mwisho wake, inakufikisha mahali ambapo wengi wao hawakutazamia. Inakufikisha kwetu, Katanga.

Kwanza tusikie habari za saa moja. Paul Newman alikuwa mchezaji wa sinema wa Marekani, naye alipenda sana mashindano ya magari. Mke wake, Joanne Woodward, alimnunulia saa ya Rolex, ya aina inayoitwa Daytona, kwa dola mia chache. Nyuma yake aliandikisha maneno mafupi ya kumwomba mumewe aendeshe kwa uangalifu. Newman akaivaa miaka mingi. Mwaka 1984 akampa kijana mmoja, rafiki wa binti yake, ambaye hakuwa na saa. Kijana naye akaivaa. Tarehe 26 Oktoba 2017 saa hiyo ikauzwa New York, katika mnada wa nyumba ya Phillips, kwa dola 17,752,500. Sehemu ya fedha hizo ikatolewa kwa kazi za wema. Kumbe saa za namna ile, zilipokuwa mpya, zilikaa dukani bila kupata mnunuzi upesi!

Mtu mwenye akili atauliza: Je, watu hawa wana wazimu? Saa ya betri, ya bei ndogo kabisa sokoni, huonyesha wakati vizuri kuliko ile ya mamilioni. Ni kweli. Tangu Desemba 1969, Wajapani wa Seiko walipoanza kuuza saa ya mkono ya betri, iliyoitwa Astron, saa ya magurudumu na kamani imeshindwa kwa usahihi. Mafundi wengi wa Uswisi walipoteza kazi. Karibu na mwaka 1970 walikuwa kama watu 90,000 katika kazi ya saa. Kabla miaka ishirini haijapita, ikabaki karibu theluthi moja tu. Basi, saa ya kale hainunuliwi ili kujua kama ni saa tatu au saa nne. Inanunuliwa kwa nini?

Inanunuliwa kwa kuwa ni shahidi. Ilikuwako mahali fulani, siku fulani, juu ya mkono wa mtu fulani, na bado iko. Mtu aliyeivaa amekufa, barabara aliyoipita imebadilika, lakini saa inasema: Mimi nilikuwako. Hicho ndicho kinachotafutwa, na ndiyo sababu ya sheria yao niliyoitaja. Sheria yenyewe ni hii: usiisugue, usiipake rangi upya, usibadili kitu bila kusema.

Fundi asiyejua sheria hii, akiletewa saa ya zamani, ataing'arisha mpaka ionekane mpya. Anadhani ameisaidia. Mkusanyaji ataitazama kwa huzuni, maana pembe za kasha lake zimeliwa na msasa, na alama za maisha yake zimefutika. Uso mweusi wa saa uliopigwa na jua na joto mpaka ukawa na rangi ya kahawa, wao huuita uso wa tropiki, na hulipa zaidi kwa ajili yake. Mshale mmoja ukitolewa katika saa nyingine, lazima muuzaji aseme. Akificha na kugunduliwa, habari zake zinaenea haraka, wala hapati tena mtu wa kumsadiki.

Je, sheria hii ni nzuri? Mimi nasema ni nzuri. Tuipime kwa mfano wa nyumbani. Tuseme babu yako amekuachia jembe. Mpini ukavunjika, ukaweka mwingine. Baada ya miaka, bamba la chuma nalo likaisha, ukaweka jipya. Je, hilo bado ni jembe la babu? Kwa kulima, swali hili halina maana. Shamba halijui jembe ni la nani. Lakini kwa kukumbuka, swali ni kubwa. Ukimwambia mtoto wako: "Mpini na bamba nimeviweka mimi, ila nimelishika jembe hili kwa kumfuata babu yako," umesema kweli, na jembe limebeba habari za watu wawili. Ukinyamaza na kumwacha mtoto ashike mpini wako akidhani anashika jasho la babu, umemdanganya. Kutengeneza si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Sasa tuone sheria hiyo ilivyovunjwa mbele ya watu wote. Novemba 2021, huko Geneva, nyumba ileile ya Phillips iliuza saa ya Omega, Speedmaster ya aina ya kwanza kabisa, iliyotolewa mwaka 1957. Uso wake ulikuwa umegeuka kahawia kwa namna ya kupendeza. Kabla ya mnada ilikadiriwa kupata kati ya franka za Uswisi 80,000 na 120,000. Ikauzwa kwa zaidi ya franka milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Kisha wenye kuijua kazi hii wakaanza kuichunguza saa na kutia mashaka. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba saa ile haikutoka kiwandani jinsi ilivyo. Mtu aliiunganisha kwa vipande vilivyokusanywa, vingi vyake vikiwa vya kweli vya Omega. Kampuni ikatangaza kwamba imeibiwa kwa hila, na kwamba baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake walihusika.

Tazama jambo hili vizuri, maana ndani yake kuna fundisho. Vipande vingi vilikuwa vya kweli. Basi uwongo ulikuwa wapi? Haukuwa katika skrubu, wala katika gurudumu, wala katika kasha. Ulikuwa katika kuviunganisha, na kudai kwamba vimeishi pamoja tangu mwanzo. Ndivyo anavyofanya shahidi mwerevu mbele ya mwamuzi: kila neno lake ni kweli, lakini amelipanga neno na neno ili usikilizaji wako upotee. Hatuwezi kumshika kwa neno moja, lakini yeye ni mwongo mzima.

Lakini uwongo una ndugu wa pili. Wa kwanza huunganisha kisichokuwa pamoja. Wa pili hukata kilichokuwa pamoja, husema nusu ya habari na kuizika nusu nyingine. Wakusanyaji wamejifunza sana kumwinda ndugu wa kwanza. Je, wamemtazama wa pili?

Tuizime taa, basi, tuitazame saa gizani. Saa nyingi za zamani, pamoja na Speedmaster za kwanza zile, zilikuwa na rangi ya kung'aa usiku juu ya namba na mishale. Rubani, askari au mzamiaji aliweza kusoma wakati bila taa. Wakusanyaji huipenda rangi hiyo kuliko kitu kingine. Ikiwa imegeuka njano au kahawia bila kuguswa, wanafurahi. Ikiwa imepakwa upya, wanaondoka. Lakini rangi hiyo ilipata mwanga wake wapi? Ilichanganywa na radiumu, ile iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie huko Paris mwaka 1898. Radiumu hutoa nguvu yake mchana na usiku bila kukoma, na nguvu hiyo huufanya unga wa zinki ung'ae.

Nani aliipaka? Huko Orange, katika jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa. Wengine walikuwa hawajatimiza miaka 18. Namba zilikuwa ndogo sana, na brashi ilipaswa kuwa na ncha kama ya sindano. Wakafundishwa kuichonga ncha kwa midomo yao. Chovya, paka, weka mdomoni. Chovya, paka, weka mdomoni, siku nzima. Waliambiwa kwamba haina madhara. Lakini mwili huipokea radiumu kama unavyoipokea chokaa ya maziwa: huipeleka katika mifupa. Meno yakaanza kutoka, mataya yakaoza, mifupa ikavunjika. Grace Fryer alihangaika miaka miwili kumpata wakili aliyethubutu kuishitaki kampuni. Mwaka 1927 yeye na wenzake wanne wakafika mbele ya sheria; mwaka 1928 wakapatana na kampuni kwa dola 10,000 kila mmoja, na dola 600 kila mwaka katika maisha yaliyobaki. Hayakubaki mengi. Grace Fryer alikufa mwaka 1933.

Na radiumu yenyewe ilichimbwa wapi? Mwanzoni ilitoka Ulaya ya kati, na katika mawe ya Colorado, Marekani. Lakini mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini katika Katanga, aliyaona mawe ya Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi ambao baadaye Wabelgiji waliuita Jadotville. Yalikuwa mawe yenye urani nyingi ajabu. Gramu 1 ya radiumu hukaa ndani ya tani karibu 3 za urani, na mawe ya Colorado yalikuwa na urani kidogo tu. Union Minière ikaanza kuchimba. Mawe yakapakiwa katika magunia, yakasafiri kwa gari la moshi na kwa meli mpaka kiwanda cha Olen, Ubelgiji, ambako radiumu ya kwanza ilitolewa mwaka 1922. Bei ya gramu moja, iliyokuwa zaidi ya dola 100,000, ikashuka mpaka dola 70,000. Machimbo ya Marekani yakashindwa. Kwa miaka mingi, mpaka Kanada ilipoanza kushindana katika miaka ya 1930, karibu radiumu yote iliyouzwa duniani ilitoka katika ardhi yetu.

Watu wengi wanalijua jina la Shinkolobwe kwa sababu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Wachache wanajua kwamba kabla ya bomu ilikuwako saa. Wachimbaji wa Kikongo waliyachimba mawe yale na kuyachagua kwa mikono yao, ili mtu wa mbali aweze kujua saa ngapi gizani. Radiumu haina jina la nchi. Ikishachanganywa na rangi, ya Katanga na ya kwingine ni moja. Lakini mtu ashikaye saa ya kung'aa ya miaka ile, yuko karibu sana na Shinkolobwe, ajue asijue.

Hata huko Uswisi kwenyewe mambo hayakuwa salama. Katika nchi ya milima ya Jura, wanawake wengi walipaka saa kwa radiumu nyumbani mwao, katika vyumba walimolala watoto wao, mpaka mwaka 1963. Mwaka 2014, katika mji wa Biel, takataka za radiumu zilionekana katika jalala la zamani. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuzipima nyumba na viwanja vilivyowahi kutumiwa kwa kazi hiyo. Zaidi ya 1,000 vikapimwa, na zaidi ya 100 vikahitaji kusafishwa. Sumu ilikuwa imekaa kimya chini ya mbao za sakafu.

Sasa utaniambia: "Mwalimu, wakusanyaji wa leo wana kosa gani? Wasichana wale walikufa kabla wao hawajazaliwa. Hawakumtuma mtu Shinkolobwe." Unasema vizuri, na mimi nakubali. Lazima tutenganishe hatia na deni. Hatia ni ya aliyetenda, au aliyejua akanyamaza kwa faida yake. Mtu anayenunua leo saa ya mwaka 1950 hana hatia ya mwaka 1950. Lakini mtu anaweza kuwa na deni bila kuwa na hatia. Ukirithi shamba lililolimwa na wengine, hukuwatesa, hata hivyo ukiulizwa ni nani aliyelifyeka, huwezi kujibu: "Lilijifyeka lenyewe." Mkusanyaji anadaiwa kitu kimoja: ukweli, ule ule anaomdai muuzaji.

Mwingine atasema: "Ukileta habari za mataya yaliyooza na za wachimbaji, utauharibu uzuri wa saa." Nami namjibu kwa sheria yao wenyewe. Ninyi mmesema kwamba saa iliyosuguliwa imepoteza thamani yake, kwa kuwa alama za maisha yake zimeondolewa. Basi, habari iliyosuguliwa ni sawasawa na kasha lililosuguliwa. Kitabu cha mnada huandika kurasa nzima juu ya rubani aliyeivaa saa, duka lililoiuza, sinema ambamo ilionekana. Kikifika kwenye mwanga, huandika tu kwamba rangi haikuguswa. Haikuguswa na nani? Iliguswa! Iliguswa na midomo ya msichana, na kabla yake jiwe liliguswa na mikono ya mchimbaji. Kuanza habari za saa katika mlango wa duka ni kuikata habari katikati.

Wa tatu atasema: "Haya yote ni upuuzi wa matajiri. Saa zile ziuzwe, fedha wapewe maskini, na maneno yaishe." Siwezi kumlaumu mtu huyu, fedha nyingi namna hii kwa kitu kidogo namna hii hutia kizunguzungu. Anayeipenda saa kwa sababu ya bei yake tu, haipendi saa, anapenda kutazamwa. Lakini tusiwe na haraka. Kama si wakusanyaji, saa hizi zingekuwa zimetupwa au zimepakwa rangi mpya zamani sana. Wao, kwa ukaidi wao wa kukataa kupaka upya, wameihifadhi radiumu ileile mahali pale pale msichana alipoiweka. Bila kukusudia wamemtunza shahidi. Kinachobaki ni kumwacha aseme.

Na shahidi huyo ana maisha marefu. Ukiichukua saa ya mwaka 1940 gizani leo, kwa kawaida haing'ai. Watu hudhani nguvu imekwisha. Sivyo. Kilichochoka ni unga wa zinki, ulioharibiwa na nguvu hiyo. Radiumu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Katika miaka themanini imepungua kidogo sana. Mwanga umekufa, moto ungali unawaka. Ndiyo maana nawaonya wale wenye saa ya namna hii katika sanduku la marehemu baba: msiifungue wenyewe, msiikwangue rangi yake, msimpe mtoto aichezee. Vumbi lake likiingia mwilini ni hatari leo kama lilivyokuwa siku zile. Mpelekeeni fundi anayejua.

Kabla sijaweka kalamu chini, tugeuze kioo, tujitazame sisi. Ni rahisi kumnyoshea kidole mtu wa Geneva. Lakini mfukoni mwako kuna simu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu za Kolwezi na Likasi, na koltani inatoka Kivu. Unaponunua simu unauliza bei, unauliza kama ni mpya au imetumika, unauliza kama kioo ni cha asili au kimebadilishwa. Umekuwa mkusanyaji! Je, umewahi kuuliza jiwe lililo ndani yake lilitolewa shimoni na mkono wa nani, na kama huyo amepona? Mara nyingi jibu si mbali: ni jirani yako, ni mtoto wa dada yako. Na bado hatuulizi.

Sidai kwamba mtu avue saa yake au atupe simu yake. Naomba jambo dogo zaidi na gumu zaidi. Mwenye saa ya kale, anapomwonyesha rafiki yake, amweleze habari za mchezaji wa sinema na za rubani, hakuna ubaya. Kisha azime taa, amwonyeshe namba zilizonyamaza, amwambie: "Rangi hii ilipakwa kwa mkono. Waliochonga brashi kwa midomo yao waliugua na kufa. Na jiwe la mwanga kama huu lilichimbwa kwa mikono huko Katanga." Maneno hayo hayapunguzi hata franka moja. Lakini kwayo saa inakuwa kweli nzima, kama walivyotaka wenyewe tangu mwanzo.

Anayetaka ukweli wa kitu, na autake wote. Ukweli wa nusu ni kama saa iliyosimama: mara mbili kwa siku utaona inasema kweli, lakini usiitumie kufunga safari.